Besiboli: mpira uliopigwa ukimgonga mwamuzi kabla ya kumfikia mlinzi, je, pointi zinahesabiwa?

MkaaziWaWete

Assalaam alaykum ndugu wanamichezo. Naleta suali ambalo limeninyima usingizi tangu Jumamosi, na naomba anijibu mtu anayeijua sheria yenyewe, asiwe wa kukisia, kwa sababu uamuzi niliutoa mimi na vijana wa timu mbili waliuamini.

Hapa Wete tuna vikundi viwili vya besiboli vya wanafunzi wa skuli mbili jirani. Tunacheza baada ya sala ya Alasiri katika kiwanja cha mpira wa miguu. Vituo vyetu ni magunia yaliyojazwa mchanga na mistari tunaichora kwa chokaa. Siku hiyo waamuzi tulikuwa wawili, mwenzangu amesimama nyuma ya mdakaji na mimi nimesimama ndani, nyuma kidogo ya mrushaji, upande wa kituo cha tatu. Ilikuwa zamu ya mwisho. Timu iliyokuwa ikipiga ilikuwa nyuma kwa pointi 4 kwa 3, wachezaji wake wawili kati ya watatu wanaomaliza zamu walikuwa wameshatolewa, na ilikuwa na wakimbiaji katika kituo cha pili na cha tatu, huku kituo cha kwanza kikiwa kitupu.

Mpigaji akaupiga mpira wa chini, mkali, ukampita mrushaji bila ya kuuguza na ukaja moja kwa moja kwangu. Niliruka lakini sikuwahi. Ulinigonga kwenye muundi wa mguu wa kushoto, ukapotoka na kwenda upande wa kituo cha kwanza ambako hapakuwa na mtu wa kuuokota. Wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani, yaani pale kwenye kibao cha mpigaji panapopatikana pointi, ikawa 5 kwa 4, na mchezo ukaisha hapo. Nilizihesabu pointi zote mbili. Nilikuwa na uhakika kamili, kwani tangu utotoni tumekuwa tukisikia viwanjani kwamba refa ni sehemu ya uwanja, na hata Mjapani aliyejitolea kutufundisha mchezo huu hapo mwanzo alikuwa akitwambia kwamba mwamuzi ni sawa na jiwe lililoko kiwanjani.

Jambo linalonikera ni hili. Nilipogeuka baada ya kugongwa, nilimuona kapteni wa timu iliyokuwa ikilinda, ambaye hucheza baina ya kituo cha pili na cha tatu, bado ameinama nyuma yangu na glavu yake iko wazi juu ya nyasi. Hakupiga kelele. Alinijia watu walipokwisha kutawanyika akanambia, "Maalim, ule mpira ulikuwa wangu." Sikuwa na la kumjibu.

Kuna na jengine la siku hiyo hiyo. Katika zamu ya tatu, mkimbiaji alikuwa akiiba kituo cha pili, yaani akikikimbilia bila ya kungoja mpira upigwe, na mdakaji alipouvuta mkono nyuma ili arushe, kiwiko chake kiligonga kinga ya uso ya mwamuzi mwenzangu. Hata hivyo mpira ulifika na mkimbiaji akaguswa kabla ya kufika kituoni. Timu yake ikadai kwamba mwamuzi akishagusana na mchezaji basi tendo zima ni batili na kijana arejee kituo cha kwanza. Mwenzangu alikataa, akasema ametoka. Je, alikuwa sahihi? Na mimi je?

Mzee wa Maisara

Waalaykum salaam, maalim. Mimi si mtu wa besiboli, nimecheza kriketi miaka mingi hapa Mjini, lakini naona huna sababu ya kujilaumu. Katika kriketi mwamuzi kweli ni sehemu ya uwanja. Mpira ukimgonga, unabaki hai na wapigaji wanaendelea kukimbia. Na hata ukimgonga angani kisha mlinzi akaudaka kabla haujaanguka chini, mpigaji ametoka, wala hakuna wa kulalamika. Mpira unakufa pale unaponasa katika nguo za mwamuzi, basi. Niliwahi kutolewa hivyo mwenyewe: niliupiga kwa nguvu, ukampiga mwamuzi wa upande wa mrushaji begani, ukaruka juu na mlinzi akaudaka. Niliondoka uwanjani bila ya kusema neno.

Na mpira wa miguu ni hivyo hivyo. Kwa hivyo ikiwa michezo yote miwili mikubwa inakubaliana katika jambo hili, sioni kwa nini besiboli iwe tafauti. Huyo kapteni mpe pole, lakini matokeo ni matokeo.

KaraniWaPointi

Mzee wangu, shikamoo, na samahani kwa kukukosoa mbele za watu, lakini ulilolisema ni kweli kwa kriketi peke yake. Mpira wa miguu wenyewe umeshaiacha kanuni hiyo. Tangu msimu wa 2019/20 sheria zake zinasema kwamba mpira ukimgusa refa na ukabaki uwanjani, kisha timu ikaanza shambulizi la hatari, au mpira ukaingia golini moja kwa moja, au umiliki wa mpira ukahama kwenda kwa timu nyengine, refa anasimamisha mchezo na kuuanzisha kwa kuudondosha mpira. Ule msemo wetu wa sehemu ya uwanja umebaki midomoni, sheria yake imeshaondoka.

Sasa tuje kwenye besiboli. Mimi huandika hesabu za michezo ya vijana hapa Unguja, na kanuni hii ilinibidi niisome mara nyingi kwa sababu inagusa karatasi yangu moja kwa moja. Maalim, uamuzi wako haukuwa sahihi. Mpira halali, yaani uliopigwa na kubaki baina ya ile mistari miwili, ukimgusa mwamuzi ndani ya eneo halali kabla ya kugusa au kumpita mlinzi wa ndani, yaani mmoja wa wale wanaolinda karibu na vituo, hapo hapo mpira umekufa. Mpigaji anapewa kituo cha kwanza bila ya hatari ya kutolewa. Wakimbiaji waliotangulia wanasogea ikiwa tu wanalazimika kumpisha mtu anayekuja nyuma yao, na wasiolazimika wanarejea walipokuwa. Katika kitabu cha sheria za besiboli jambo hili limo katika kifungu cha 5.06(c)(6), na haki ya mpigaji ya kuchukua kituo cha kwanza imo katika 5.05(b)(4).

Tazama sasa uwanja wako ulivyokuwa. Kituo cha kwanza kilikuwa kitupu, kwa hivyo mpigaji anapokwenda huko hamsukumi mtu yeyote. Aliyekuwa kituo cha pili anabaki cha pili, aliyekuwa cha tatu anabaki cha tatu, na hakuna pointi hata moja. Ilitakiwa iwe bado 4 kwa 3, wawili wametoka, vituo vyote vitatu vina watu, na mpigaji mwengine anaingia. Lau vituo vyote vingekuwa vimejaa kabla ya pigo, hapo kila mmoja angelazimika kusogea, wa kituo cha tatu angefika nyumbani na pointi moja tu ingehesabiwa, ikawa sare. Pointi mbili hazipatikani kwa njia yoyote katika tendo lile.

Umesema mpira ulikuwa umeshampita mrushaji. Watu wengi hukwama hapo, kwa sababu mrushaji naye ni mlinzi na husimama ndani. Kanuni imemtoa kwa makusudi: mpira unatakiwa uwe umempita mlinzi wa ndani asiyekuwa mrushaji. Mrushaji yuko mita 18.44 tu kutoka kwa mpigaji, na ndiyo kwanza amemaliza kurusha, mwili wake umeinama mbele na mguu mmoja uko hewani; mpira kumpita yeye si dalili kwamba ulinzi umekwisha kupata nafasi yake. Lakini kama angeugusa japo kwa ncha ya glavu, kisha ukakugonga wewe, mpira ungekuwa hai na mchezo ungeendelea. Vivyo hivyo lau ungekuwa umesimama nyuma ya kapteni wako, mpira ukampita yeye kwanza ndipo ukakugonga. Hapo pointi zote mbili zingesimama.

Ukiitazama vizuri, kanuni haijali kosa ni la nani. Hakuna anayemlaumu mwamuzi, wala haijauliza kama aliruka mapema au alichelewa. Inauliza kitu kimoja: je, mlinzi alikuwa ameshapata nafasi yake ya kuucheza mpira? Ikiwa bado, na mwamuzi ndiye aliyekaa baina yake na mpira, basi kile ambacho mpira ungekifanya hakijulikani tena, na sheria inachagua kipimo kidogo kabisa. Upande wa ulinzi haupewi mtu wa kutoa, kwa sababu huenda wasingeudaka. Upande wa upigaji haupewi zaidi ya kituo kimoja, kwa sababu huenda mpira ungedakwa. Kwa hivyo kijana wako alipokwambia kwamba ule mpira ulikuwa wake, alikuwa ameitaja sababu yenyewe ya kanuni bila ya kuisoma popote.

Linganisha na mkimbiaji. Mpira ule ule lau ungemgonga mkimbiaji wa kituo cha pili kabla ya kumpita mlinzi, mpira ungekufa vile vile, lakini mkimbiaji angetolewa, na mchezo wako ungemalizika kwa 4 kwa 3. Mkimbiaji ana wajibu wa kuukwepa mpira na ana faida ya kuipata mpira ukimgonga. Mwamuzi hana upande.

Na kwa wale wanaoandika hesabu kama mimi, mpigaji katika hali hii anaandikiwa pigo zuri la kituo kimoja, mlinzi haandikiwi kosa.

Kuhusu kauli ya mwalimu wenu wa Kijapani, ni kauli wanayoitumia kweli Wajapani, kwamba mwamuzi ni kama jiwe, na katika sehemu kubwa ya mchezo inafaa. Lakini kitabu chao cha sheria nacho kina kanuni hii hii niliyokueleza. Khasa kwa mpira uliorushwa, jiwe ni jiwe: mlinzi akiurusha mpira kwenda kituo cha kwanza ukakugonga mgongoni na kupotea, mpira uko hai, wakimbie wanavyotaka. Mlinzi amekwisha kuupata, ameurusha mwenyewe, na alikuona umesimama wapi.

BintiMkoani

Naomba nilijibu lile la pili, kwa sababu mimi ni mdakaji katika mpira laini (softball), ndugu wa besiboli, na kiwiko changu kimeshagonga kinga za uso za waamuzi mara nyingi.

Mwamuzi mwenzako alikuwa sahihi kabisa, maalim, mpe hongera yake. Mwamuzi wa nyuma akimzuia mdakaji anayerusha ili kumtoa mwizi wa kituo, au ili kumnasa mkimbiaji aliyetoka mbali na kituo chake, huo ni uzuiaji wa mwamuzi, lakini mpira haufi papo hapo. Watu wanaosikia habari nusu nusu hukosea hapo. Mwamuzi anasubiri aone mwisho wa ule mrusho. Ukimtoa mkimbiaji, ametoka, na kugusana kule kunasahauliwa kana kwamba hakukuwepo. Usipomtoa, mchezo unasimamishwa na wakimbiaji wote wanarejea katika vituo vyao. Na ikiwa mrusho haukumtoa lakini umemfanya akwame katikati, walinzi wakaanza kumfukuza huku na huku baina ya vituo viwili, mwamuzi hasubiri mwisho wa mbio zile. Anasimamisha na kumrejesha.

Nawaeleza jinsi linavyokuwa, kwa sababu asiyewahi kuchuchumaa pale haoni ugumu wake. Mpira unaingia kwenye glavu, unauhamishia mkono wa kulia karibu na sikio, na mguu wa kulia unausogeza nyuma kidogo ili upate nguvu. Mwamuzi naye amejiinamia juu ya bega lako ili auone vizuri mpira ulivyopita kibaoni. Nafasi iliyopo baina yenu haifiki upana wa kanga iliyokunjwa. Ukigonga kitu kigumu kwa kiwiko, mpira unatoka mdogo, unaangukia njiani, na mlinzi wa kituo cha pili anabaki kuungoja. Mtu yeyote anaona kwamba si haki mwizi kuchukua kituo kwa sababu ya uso wa mwamuzi. Lakini pia haiwezekani nimtoe mkimbiaji licha ya kuzuiwa, kisha ninyang'anywe kwa sababu nilizuiwa! Kanuni hii imewekwa ili kumlinda mdakaji.

Kanuni hiyo inahusu kurusha, pamoja na pale mdakaji anapomrejeshea mrushaji mpira. Mpira ukimponyoka mdakaji, akageuka kuufuata na kugongana na mwamuzi, hapo ni bahati mbaya tu na mchezo unaendelea. Nimeanguka hivyo mara moja mkimbiaji akafika nyumbani, na nilipolalamika niliambiwa niamke.

Nyongeza ndogo: mpira uliorushwa na mrushaji ukinasa ndani ya kinga ya uso ya mwamuzi na usiweze kuchezwa, unakufa na kila mkimbiaji anasogea kituo kimoja. Kwa kinga zetu zilizochongwa kwa waya na fundi wa hapa, jambo hilo halikosi kutokea siku moja.

MkaaziWaWete

Nimesoma kila neno, na KaraniWaPointi, Mungu akulipe kheri, ingawa jibu lako ni zito kwangu. Kwa hivyo vijana wale walipoteza mchezo ambao bado walikuwa wakiongoza, na walipoteza kwa mguu wangu na kwa kinywa changu. BintiMkoani, ahsante, nimeshampigia simu mwenzangu kumwambia kwamba alikuwa sahihi.

Nina masuali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, jambo hili linarekebishika baada ya siku nne? Mchezo haukuwa wa kombe lolote, lakini matokeo yameshaandikwa na timu iliyoshinda imeshasherehekea. La pili, nisimame wapi? Nikirudi nyuma ya walinzi sioni kituo cha tatu. Nikikaa ndani ndiyo haya.

KaraniWaPointi

Maalim, usijibebeshe zaidi ya ulichokifanya. Kugongwa na mpira si kosa. Kosa ni lile la kuuacha mpira uendelee, na hilo ni kosa la kutoijua kanuni. Makosa ya namna hii yana historia ya kurekebishwa, tafauti na makosa ya macho.

Nikupe mfano wa kila upande. Tarehe 2 Juni 2010 mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila ya hata mmoja kufika kituo cha kwanza, akabakiwa na mmoja tu ili akamilishe mchezo usio na dosari. Mpigaji wa 27 alitolewa kwa uwazi, lakini mwamuzi Jim Joyce aliona vyengine, akasema amefika. Alipoitazama picha baada ya mchezo alikiri kosa lake hadharani na akamwomba radhi kijana. Uamuzi haukubadilishwa, kwani lilikuwa jambo la alichokiona mwamuzi kwa macho yake, na matumizi mapana ya marejeo ya video katika ligi kuu ya Marekani yalikuja 2014. Siku ya pili yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji pale kwenye kibao cha nyumbani, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya uwanja mzima.

Upande wa pili ni mchezo wa tarehe 24 Julai 1983 baina ya Kansas City na New York. Hebu sikiliza namba zake: New York ilikuwa ikiongoza 4 kwa 3, zamu ya tisa, wawili wametoka. George Brett akaupiga mpira nje ya uwanja na kuleta pointi mbili, ikawa 5 kwa 4. Waamuzi wakalipima gongo lake, wakakuta utomvu wa msonobari umepakwa kupita inchi 18 zinazoruhusiwa, wakamtoa na mchezo ukaisha. Timu yake ikapeleka malalamiko, na rais wa ligi, Lee MacPhail, akaona kwamba waamuzi waliitumia kanuni visivyo. Pointi zikarejeshwa, na tarehe 18 Agosti wachezaji wakarudi uwanjani kumalizia palipobaki. Matokeo yalibaki 5 kwa 4.

Yaani walirudi baada ya siku 25, wewe una siku nne. Nikuambie ukweli kwamba ligi ile kuu ya Marekani imeshaifuta njia ya malalamiko kuanzia 2020, lakini kwa kanuni ya zamani jambo lililotokea katika tendo la kumalizia mchezo lingeweza kulalamikiwa hadi saa sita mchana ya siku inayofuata, na mchezo haukuwa ukiamriwa kurejewa mpaka ionekane kwamba kosa limeipunguzia timu nafasi ya kushinda. Lako limeipunguzia bila ya shaka. Kwa kuwa hakuna kombe, mna uhuru wa kukubaliana wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba msiyageuze matokeo kwa kalamu, kwa sababu timu iliyokuwa ikipiga nayo ina haki: ilikuwa na vituo vitatu vilivyojaa na mpigaji mmoja mkononi. Warejeeni pale pale.

BintiMkoani

Kuhusu pa kusimama, maalim, hukukosea. Waamuzi wakiwa wawili na kituo cha pili na cha tatu vina watu, wa uwanjani husimama ndani, upande wa kituo cha tatu, kama ulivyosimama. Hana njia nyengine, kwani akiwa nje ya mistari hawezi kuwahi vituo vyote peke yake. Kwenye ligi ile kubwa wako wanne, na bado hugongwa. Ninachokushauri ni kidogo: usijipange katika mstari mmoja baina ya mpigaji na mlinzi. Kabla ya kila mrusho, geuka umtazame mlinzi aliye nyuma yako. Ukimuona anainua shingo ili amuone mpigaji, basi wewe ndiye unayemziba, sogea hatua mbili. Na mpira ukija, usirukie pembeni kwa kubahatisha. Mgeukie mlinzi, uangalie mpira unakoelekea, kisha umpishe.

Mzee wa Maisara

KaraniWaPointi, nimekubali, na wala hukunivunjia heshima. Nilipima besiboli kwa pishi ya kriketi. Nimeifikiria tafauti yake usiku huu: katika kriketi mpira ule ulionigeukia mimi ukadakwa ulinitoa, na kwenu, kama nimeelewa, mpira uliomgonga mwamuzi angani kisha ukadakwa haumtoi mpigaji kabisa?

KaraniWaPointi

Umeelewa, mzee wangu. Mpira wa juu ukishamgusa mwamuzi hauhesabiki tena kuwa umedakwa, hata ukianguka ndani ya glavu. Ikiwa haukuwa umegusa wala kumpita mlinzi wa ndani, umekufa na mpigaji anakwenda kituo cha kwanza. Ikiwa mlinzi aliupangusa kwanza, ndipo ukamgonga mwamuzi na kudakwa na mwengine, mpira uko hai lakini mpigaji hajatoka. Inabidi wamuwahi kituoni.

MkaaziWaWete

Ndugu zangu, naleta khabari. Jana jioni niliwakutanisha makapteni wote wawili chini ya mwembe ulio kando ya kiwanja, nikawasomea kanuni kama ilivyoandikwa hapa, na nikawaambia kwamba aliyekosea ni mimi. Wa timu iliyoshinda alikaa kimya kwa muda, na sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa namwomba arudishe kitu alichokwisha kukishika. Kisha akauliza kama wakimbiaji wake watabaki vituo vitatu vyote. Nikamwambia ndiyo, na mpigaji wake ana haki ya kituo cha kwanza hata kama mpira ule ungedakwa. Akasema basi, hapo anakubali.

Jumamosi tutaanzia hapo hapo: 4 kwa 3, wawili wametoka, vituo vimejaa. Tumekubaliana kwamba kila mchezaji asimame pale pale alipokuwa. Yule kapteni mwengine, mwenye mpira wake, aliuliza suali moja tu, mpigaji atakayefuata ni nani. Nikaitoa karatasi mfukoni nikamwonesha jina, naye akaondoka kwenda kumtafuta mrushaji wake.